Kufuli la Marehemu Shafii

Semeni Kibacha alikuwa hajamaliza kuvua koti lake la mvua Bi Nakijwa alipomwinulia kidole anyamaze.

"Umemsikia?" aliuliza yule mama. "Kaja tena. Anabisha hodi."

Semeni alitega sikio. Alisikia matone yakidondoka ukingoni mwa bati, na kuku mmoja uani akilalamika kama ilivyo kawaida ya kuku siku za mvua. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ukungu wa Usangi ulikuwa ukiingia sebuleni pasipo kumwomba mtu ruhusa. Kizingitini hapakuwa na kiumbe.

Bi Nakijwa alikwenda mlangoni hata hivyo. Alitembea ameinama kidogo, mkono wa kushoto ameupeleka nyuma kiunoni, kama watembeavyo wenye maumivu ya mgongo. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia.

"Wewe ni nani?" akauuliza ukungu. "Sema jina lako. Mtu hasemi jina, mimi nitamkaribishaje?"

Ukungu haukujibu. Akageuka, akamwona Semeni amesimama na begi lake la vifaa, akatabasamu kwa aibu ya mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia. "Karibu, mwanangu. Tuwie radhi. Nyumba hii ina mtu ambaye hamalizi kufika."

Semeni akamwamkia, akaitikiwa, akakaa. Alikuwa fundi wa vitunzi, na katika kazi hiyo alikwisha kuambiwa mengi: kitunzi kinachoota ndoto za jirani, kitunzi kilichomfanya bwana mmoja achukie bamia. Mara nyingi huwa ni upepo mtupu. Betri imechoka, au mwenyewe amekigonga mlangoni akaona haya kusema. Lakini hili la hodi lilimsimamisha vinyweleo, na hakupenda, maana yeye alijihesabu kuwa mtu mgumu.

Kitunzi chenyewe si kikubwa kuliko punje ya hindi. Huwekwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, kwa mtu ambaye ubongo wake umeanza kuvuja. Yale yanayovuja hupokewa na kuandikwa katika ghala, nalo ghala halipo mbali wala halitegemei mtandao wowote. Limo mle mle ndani ya punje. Mtu hulala, kitunzi kikaiandika siku yake, akaamka anayo. Bi Nakijwa alikuwa amewekewa chake zamani, na mpaka mwezi huo hakikuwahi kumpotezea hata jina la mbuzi.

"Sasa kila asubuhi anaamka, jana yake haipo," alisema Mwajabu walipokuwa jikoni, akimmiminia Semeni chai ya tangawizi. Mwajabu alikuwa binti wa Bi Nakijwa, na ndiye aliyepiga simu karakana. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye usingizi umemsusa. "Mimi ananijua. Nyumba anaijua. Ya zamani anayo, isipokuwa... Halafu hiyo hodi, mchana kutwa. Na akipakua chakula anapakua sahani tatu. Tupo wawili."

"Ilianza lini?"

"Siku tuliyozika."

"Mlimzika nani?"

Mwajabu alichungulia sebuleni kwanza. "Kaka yangu. Shafii. Usimtaje kwa sauti, dada. Si kwamba mama ataumia. Atakuuliza Shafii ni nani."

*

Kisomeo cha Semeni kilikuwa kibapa cheusi chenye kioo, unakigusisha nyuma ya sikio la mtu na kusubiri. Bi Nakijwa alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa kama mtoto anayesukwa, akawa anaeleza habari za mvua. Mkono wake wa kushoto ulibaki pale pale nyuma. Semeni alisoma kioo, akakifuta kwa kanga yake, akasoma tena.

Ghala lilikuwa zima. Hakuna ukurasa uliooza. Lilikuwa limefungwa tu, kwa kufuli la uandishi, na chini yake jina la aliyelishika:

Mwandishi: Shafii Mruma, mlezi. Hali: yupo. Anasubiri.

Tuseme ukweli, Semeni aliogopa. Alikipokea kikombe ambacho Mwajabu alikuwa anampa akakiweka chini bila kunywa.

Wapare ni rahisi kuelezwa mambo ya kufuli, kwa sababu wana ndiva. Bwawa la maji likishajaa juu ya mlima, mwenye zamu ndiye anayelifungulia shamba lake, na wengine wote hukaa na majembe yao wakimngoja afunge. Wawili wakifungua pamoja, maji hayamfikii yeyote na shamba la tatu linabomoka. Ghala la kitunzi nalo ni hivyo. Anayetaka kuandika hushika zamu, na hadi aiachie, hata kitunzi chenyewe hakiruhusiwi kuandika siku ya mwenye nacho. Ndiyo maana Bi Nakijwa alikuwa anapoteza kila jana.

Mlezi wa mgonjwa naye huwekewa kitunzi, hata kama ubongo wake ni mzima, na kwa hicho hupewa ruhusa ya kuandika ndani ya ghala la mgonjwa, ili amsahihishie saa za dawa na majina ya wajukuu. Hilo halikumshangaza Semeni. Mlezi akifa, kitunzi chake hufungwa na zamu yake huachiliwa papo hapo, na hilo ndilo halikutokea.

"Nani alimwosha marehemu?" aliuliza.

Akaitwa Mjomba Athumani, kaka yake Bi Nakijwa, ambaye alikuwa jirani tu. Alikuja na mabuti ya mvua na kofia iliyolowa, akasimama nje ya mlango wa jiko kwa kuwa matope yake yalikuwa mengi.

"Shikamoo, mjomba. Mlipomwosha Shafii, kitunzi chake mlikifanyaje?"

"Marahaba. Hatukukifanya kitu. Kilikuwa ndani ya ngozi. Ulitaka tukitoe kwa kisu? Maiti hakatwi, binti yangu."

"Si kukitoa. Kukifunga. Fundi anakigusa kwa nje tu, kinazimika."

"Fundi yuko bondeni," alisema mzee, na sauti ikaanza kumpungua. "Mvua ilikuwa imekata barabara. Mtoto alifariki alfajiri, alasiri tukamweka. Sisi hatumchelewishi mtu wetu kwa ajili ya kidude."

"Mlimweka wapi?"

Mjomba Athumani alitazama upande wa mteremko, chini ya nyumba, ambako migomba ilikuwa imesimama ndani ya ukungu, na Semeni akatazama huko huko. Palikuwa karibu mno, ndani ya umbali ambao vitunzi husikilizana. Mtu akikohoa pale, aliye jikoni angemsikia.

"Basi amezikwa nacho kikiwa kinafanya kazi," alisema Semeni. "Kina betri ya dharura, nayo inatumika polepole. Kinaweza kuendelea kwa miaka."

"Unataka kuniambia mtoto yule bado..." Mzee alishika fremu ya mlango. "Nilimwosha kwa mikono yangu mimi."

"Yeye hayupo, mjomba. Kilichopo ni kitunzi, na hakijui kwamba mwenyewe ameondoka. Kila baada ya muda mfupi kinauliza: naweza kuandika? Kiwandani huwa vinawekewa ukomo, kinauliza mara tatu kikinyimwa kinakwenda zake, kama mtu mwenye adabu. Shafii aliuondoa ule ukomo. Walezi wengi huuondoa, kwa sababu vitunzi vya wazee ni vizito kujibu. Sasa kinauliza bila kuchoka, na swali hilo likifika kichwani kwa mama linageuka kuwa hodi."

Kutoka sebuleni walimsikia Bi Nakijwa akivuta kiti, akienda mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya upole, haikuwa na hasira hata kidogo.

"Sema jina lako, baba. Mvua inakunyeshea."

Mjomba Athumani akafunika uso kwa kofia yake.

*

Kufuli la aliyekufa huvunjwa, na kulivunja ni kazi nyepesi. Semeni angekwenda pale kwenye migomba, akakiamuru kile kitunzi kiache, na mchezo umekwisha. Kilichomzuia ni akiba iliyomo ghalani.

Kitunzi hakifuti ukurasa hivi hivi. Kwanza hunakili ule wa zamani na kuuweka akiba, ndipo kikafuta. Kazi ikikamilika, akiba hutupwa. Kazi ikikatika njiani, kama umeme ukizimika au mtu akifa, akiba hurudishwa mahali pake, ghala likawa kama lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Ni ulinzi mzuri, na umewaokoa wengi. Lakini ulimaanisha kwamba kila ambacho Shafii alikuwa anakibadilisha alfajiri aliyofariki kilikuwa bado kipo akibani, na Semeni alitaka kujua ni kitu gani kabla hajarudisha chochote.

Alikaa na Mwajabu kwenye benchi la jikoni akaifungua. Alitazama vichwa vya kurasa tu, kwa sababu kusoma kumbukumbu za mtu kwa ndani ni utovu wa haya. Mtoto amevaa sare mpya, kaptura imempita magoti. Mtoto huyo huyo ameanguka kwenye mfereji. Kijana amefaulu mtihani. Kijana amerudi kutoka Arusha na redio. Kurasa zote, mwanzo hadi mwisho, zilikuwa na mtu mmoja.

"Alikuwa anajifuta yeye," alisema Semeni taratibu. "Alikuwa anajitoa kichwani mwa mama yenu."

Mwajabu hakushtuka kama Semeni alivyotazamia. Alizungusha kikombe mkononi.

"Moyo wake ulikuwa mbovu," alisema mwishowe. "Alijua. Hospitali walimwambia hautafika mbali. Hili la kujifuta hakunieleza, lakini nikikutazama unavyosoma, wala sishangai. Wewe hukuwepo baba alipofariki."

"Ilikuwaje?"

"Mama alilia, kama mjane yeyote. Mwaka ukapita, bado analia vile vile. Mwaka wa pili, vile vile. Sisi wengine msiba unachakaa, dada, kama nguo, mpaka siku moja unaona unaweza kuuvaa nyumbani na kuendelea na kazi. Wa mama ni mpya kila Ijumaa, kama umetoka dukani leo. Hicho kidude chenu kinatunza, hakijui kupoza. Shafii alikuwa ndiye anayemshika akigaragara. Sasa mtu kama huyo, akijua kwamba anayefuata ni yeye, ungetaka afanye nini?"

Semeni aliijua habari hiyo. Mafundi wote wanaijua na hakuna anayeizungumza. Kumbukumbu ya ubongo huandikwa upya kila inapoguswa, na kila mara hupungua makali kidogo. Ya kitunzi hubaki ilivyoandikwa siku ya kwanza.

"Basi malizia alichokianza," alisema Mwajabu. "Mimi ndiye mlezi sasa, nimekwisha weka kidole kwenye kibali. Mfute. Mama abaki hajui, na hiyo hodi ikome. Mimi nitamlilia kaka yangu peke yangu kule kwenye migomba, na nyumbani nitasema nilizaliwa pekee."

Alilisema kavu kavu, na Semeni akamhurumia. Halafu kibali kilikuwa halali. Sheria ilikuwa upande wa Mwajabu. Akasogeza kisomeo karibu ili aone kazi ilikwamia wapi, kwani Shafii alikuwa kijana hodari na kurasa zile zingefutika kabla chai haijapoa.

Kulikuwa kumebaki ukurasa mmoja.

Kurasa zote nyingine zilikuwa zimeshakwenda: uso, jina, sauti. Huo mmoja ulikataa, na sababu iliandikwa wazi pembeni. Ulikuwa unasomwa. Ukurasa unaosomwa haufutwi; anayetaka kuufuta hana budi kungoja msomaji auachie. Shafii alingoja hadi moyo wake ukasimama, na kitunzi chake kikaendelea kungoja badala yake.

"Msomaji nani?" aliuliza Mwajabu.

"Mama yako. Ameushika tangu alfajiri ile. Hajauachia hata akiwa amelala."

"Una nini?"

Safari hii Semeni aliona hana budi kusoma ndani. "Hauna uso wala jina. Ni mvua, na njia ya matope inayoteremka kwenda hospitali. Ana mtoto mgonjwa mgongoni, amemfunga kwa kanga. Anasikia paji la uso la yule mtoto limemwegemea, la moto. Anasikia uzito wake tu. Mkono mmoja ameupeleka nyuma, anamshikilia asije akateleza."

Wote wawili walitazama uani. Mvua ilikuwa imepungua, na Bi Nakijwa alikuwa ametoka kuchuma mnavu. Alichuma kwa mkono wa kulia, polepole, ameinama. Wa kushoto ulikuwa nyuma, kiganja kimetazama juu.

"Nilidhani ni mgongo," alisema Mwajabu. "Nimempaka dawa ya mgongo mpaka chupa imekwisha." Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio.

*

Semeni aliweza kuuvunja ule usomaji. Kulikuwa na amri ya namna hiyo, na mafundi huitumia ghala linapogoma. Angebonyeza mara moja, mkono wa Bi Nakijwa ungeshuka, na kule chini kitunzi kingepata nafasi yake, kikaandika, kikanyamaza. Kidole alikwisha kukiweka.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Siwezi kumpokonya mtu kitu alichokishika bila hata kumwambia."

"Umwambie nini? Hamjui!" Mwajabu alisimama, benchi likaanguka nyuma yake. "Wewe jioni unapanda gari lako unateremka. Anayebaki na kile kilio ni mimi. Nitashinda nacho, nitalala nacho, mpaka mmoja wetu atangulie. Nyie mnakuja na huruma ya nusu siku."

Alikuwa na haki, na Semeni alimwambia hivyo. "Una haki, mdogo wangu. Lakini naye yupo. Kaka yako hakumwuliza, wewe hukumwuliza, na mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo. Tukimwuliza akasema mfute, namfuta mbele yako."

Mwajabu aliinamisha kichwa. Kisha akaliinua lile benchi, akalibeba nje, akaliweka karibu na mama yake.

Bi Nakijwa alikaa, mboga mapajani. Semeni alichuchumaa mbele yake.

"Mama, mgongoni umembeba nani?"

Yule mama alimtazama kwa muda. Hakuuliza mgongo upi. "Na wewe unamwona?"

"Sijamwona. Nimeambiwa yupo."

"Simjui," alisema Bi Nakijwa. "Mimi mwenyewe najiuliza. Watoto wangu ni huyu tu, na huyu nimekwisha kumlea. Ila nikimshusha ataanguka. Hilo nalijua. Mkono umechoka, lakini ataanguka, mwanangu, na chini kuna matope."

Semeni alipiga moyo konde. Akamweleza yote, bila kupamba. Kwamba ni mwanawe. Kwamba alikuwa mtu mzima na alimpenda, na kwamba amekufa na amezikwa pale kwenye migomba. Kwamba alijitoa mwenyewe kichwani mwake ili asimlilie, akabakiza hicho kipande kwa sababu mama alikataa kukiachia, na anayebisha hodi siku zote hizi ni yeye, anaomba nafasi ya kukimaliza.

"Naweza kumrudisha," alisema, "lakini atarudi akiwa amekufa. Na kitunzi chako hakitaupoza huo msiba. Mwakani utauma kama leo. Au naweza kumwacha amalize, na hutajua kwamba uliwahi kuulizwa."

Mkono wa kulia wa Bi Nakijwa ulikuwa umetulia juu ya mboga. Kwa muda mrefu alikuwa anasikiliza kitu ambacho wenzake hawakukisikia. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nani aliwaambia mimi nataka kupozwa?"

"Mama, tulikuwa tunakuona..."

"Mlikuwa mnaniona nalia. Kweli nalia. Baba yenu kila Ijumaa ananijia amekunja suruali avuke mfereji, na huwa ananiita jina ambalo nyie hamlijui. Kile kilio ni nauli yangu ya kwenda kumwona. Mlitaka niache kusafiri?" Alitikisa kichwa, akionekana kuchoka kuliko kukasirika. "Na huyu mtoto gani asiyemwuliza mama yake? Mimi nimembeba, halafu yeye ananiamulia lini nimshushe? Mrudishe. Nimlilie mtu mwenye jina."

Mwajabu aliteleza kutoka kwenye benchi, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, juu ya ule mnavu. Hakubisha tena.

*

Semeni aliteremka na Mjomba Athumani. Kaburi lilikuwa bado tuta bichi, udongo mwekundu umechimbwachimbwa na mvua, na jani moja la mgomba lilikuwa limeangukia upande wa kichwani. Mzee aliliondoa, akalikunja, akasimama nalo mkononi kana kwamba hajui mahali pa kuliweka.

Semeni alipiga goti kwenye matope akakielekeza kisomeo chini. Jibu lilikuja mara moja, haraka kuliko alivyotaka.

Yupo. Anasubiri.

Alijua kwamba ni punje ya chuma na betri. Alijua kuliko mtu yeyote mlimani pale. Hata hivyo alijikuta anasema kwa sauti, "Shafii, mama yako amekataa," na hakuona haya mbele ya mzee. Kisha akaamuru: acha kazi, rudisha akiba, funga.

Kioo kikauliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Mwandishi: hayupo.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Mjomba Athumani, kama alivyosema siku ya kuzika, na safari hii sauti ilimkatika katikati akashindwa kuendelea.

Hapo ndipo walipomsikia Bi Nakijwa. Kilio kilitoka juu nyumbani kikashuka kupitia migomba, na ndani yake mlikuwa na jina. Shafii. Akaliita tena, na tena, kwanza kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani, halafu kama mama aliyekwisha kujua. Semeni alisimama pale kaburini akalia naye. Mambo ya ugumu aliyaacha huko huko kwenye matope.

Walipopanda, walimkuta amekaa chini uani, ameegemea kifua cha Mwajabu. Mikono yote miwili ilikuwa mbele, imelala mapajani, wazi. Kurasa zilikuwa zinaendelea kurudi. Ilionekana usoni mwake, kila moja ikifika. Mara alitabasamu kwa ajili ya redio ya Arusha, mara uso ukakunjamana tena. Hakuna aliyemharakisha. Jua la alasiri lilikuwa limeanza kutoboa ukungu wakati alipojifuta kwa ncha ya kanga na kusema maneno ya kwanza yasiyokuwa jina.

"Nilikuwepo msibani?"

Mwajabu hakuweza kumtazama. "Ulikuwepo, mama."

"Mbona siku hiyo sina?"

"Ghala lilikuwa limefungwa. Hukuweza kuandika. Ulikaa mkekani na kina mama wenzako. Ukaniinamia sikioni, ukaniuliza aliyefiwa ni nani."

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema ni mama mmoja wa huku huku kwetu. Nikasema humjui."

"Nami nikafanya nini?"

"Ulilia," alisema Mwajabu. "Ulisema masikini mama yake, atalalaje leo. Ukainua mkono mmoja ukamwombea Mungu ampe subira. Uliomba mpaka watu wote wakanyamaza wakakutazama wewe."

Mjomba Athumani aligeukia ukuta.

"Basi nisaidie kuomba tena," alisema Bi Nakijwa. "Tumwambie Mungu kwamba mama mwenyewe ni mimi."

Mwajabu akaingia ndani kutafuta mkeka. Semeni akapiga magoti, akamshika Bi Nakijwa mikono yote miwili, akawa mtu wa kwanza kumpa pole.